Uvuvi wa taiga Kilombero, Mnyera na Ruhudji: vifaa, msimu, na kwa nini mkubwa arudishwe majini

#1 Mshipi Mrefu

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mtu akiuliza humu kuhusu taiga (tigerfish), yule samaki wa meno wa Kilombero, majibu yanakuja vipande vipande, kesho yake uzi umeshapotea. Nimeona tufungue mmoja wa kueleweka. Nitasema anapoishi, anavyovuliwa kwa mshipi na vifaa vyake. Halafu nitasema jambo ambalo najua si wote mtalipenda: taiga mkubwa arudishwe mtoni akiwa hai, na wa kwanza kulisimamia hilo tuwe sisi wenyewe, tusisubiri mgeni aje atuambie.

Tuanze na samaki mwenyewe. Aina za taiga zilizopewa majina ya kisayansi ni tano, zote za Afrika. Mkubwa kupita wote ni goliath wa bonde la Kongo na Ziwa Tanganyika. Aliyeenea zaidi ni vittatus, yule wa Zambezi, Okavango na Kariba. Halafu yupo wa kwetu, Hydrocynus tanzaniae, aliyeingizwa rasmi kwenye orodha ya wanasayansi mwaka 1986. Huyu ni wa mito ya Rufiji na Ruvu pamoja na matawi yake, basi. Wavuvi wa kigeni humwita taiga wa buluu, na wapo wanaosafiri kutoka Ulaya na Marekani kwa ajili yake tu, kwa sababu kwao hayupo na kwa jirani zetu hayupo. Kilombero ni tawi la Rufiji, na humo vittatus na huyu wa kwetu wanaishi pamoja.

Kwa wasioifahamu vizuri ramani: Mto Ruhudji unashuka kutoka nyanda za juu za Njombe, unakutana bondeni na Mnyera na Mpanga, na maji hayo ndiyo yanayofanya Kilombero. Unapita Ifakara, unaendelea hadi kukutana na Luwegu pale maporomoko ya Shughuli, kuanzia hapo jina linakuwa Rufiji. Bonde lenyewe la mafuriko ni karibu kilomita za mraba 8,000, na tangu 2002 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kwa nini taiga wa hapa wananenepa hivi? Jibu ni mafuriko. Masika yakikolea, mto unatoka kwenye kingo zake na kutanda mbugani. Samaki wadogo wanaingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji, wanazaana, wanakula, wanajificha. Mvua zikikatika maji yanaanza kurudi mtoni kupitia vijito na mifereji myembamba, na samaki wote wale wadogo hawana njia nyingine ya kupita. Taiga wanajua. Wanajipanga kwenye midomo ya vijito hivyo, pale maji ya mbugani yanapoingia kwenye mkondo, na kula kwa wiki nyingi mfululizo. Nimesimama kwenye mtumbwi jioni nikaona uso wa maji unachemka mita chache mbele yangu, vidagaa vinaruka hadi mchangani, na nyuma yake migongo ya taiga inakata maji. Mtu akishaona hivyo haulizi tena kwa nini mafuriko yalindwe.

Kiangazi kikiingia, Mnyera na Ruhudji inapungua na kuwa safi, unaona mchanga chini. Ndio wakati wa kuvua kwa mshipi: kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza kuchafua maji. Samaki mkubwa hapo hakai popote tu. Mtafute nyuma ya mti ulioanguka, ukingoni palipochimbika na kufanya kina, au pale mkondo wa kasi unapopakana na maji yaliyotulia. Anapumzika kwenye maji tulivu, chakula kinapita mbele yake kwenye mkondo.

Sasa kuhusu kugonga. Kambale anaonja, anavuta taratibu, unapata muda wa kujiandaa. Taiga hakupi. Unarusha chambo kandokando ya gogo, unavuta kwa kasi, ghafla mshipi unakaza utadhani umenasa kisiki. Kabla hujaweka miguu sawa rili (kile kigurudumu cha kuviringishia uzi) inalia, uzi unakata maji kwenda juu ya mto, na samaki yuko hewani, mdomo wazi, anatikisa kichwa kwa nguvu. Mara nyingi ndoana inang'oka hapohapo. Ukija kumshika mmoja utaona sababu. Meno yake makubwa yanaonekana hata akiwa amefumba mdomo, ya juu yanaingia katikati ya ya chini, na nyuma yake ni mfupa mtupu. Hakuna nyama ya kushika ndoana. Ikipata upenyo, ni pale kwenye kona ya taya, sehemu ndogo sana.

Karibuni kwa maswali na nyongeza. Wanaojua kuliko mimi wasikae kimya.

#2 Fundi Rili

Mkuu heshima kwako, uzi mzito huu. Mimi navua baharini Bagamoyo, kolekole na nguru ndio samaki wangu. Nina rodi (fimbo za kuvulia) na rili za huko. Naweza kuja nazo Kilombero au nianze upya? Na waya ni lazima?

#3 Mshipi Mrefu

@Fundi Rili karibu sana ndugu yangu. Rodi ya kolekole mkubwa itakuwa nzito mno kurusha siku nzima juu ya mtumbwi. Chukua ile ya kati, futi saba hivi, yenye ncha ngumu kidogo. Rili iwe na breki laini inayoachia uzi bila kukwama, maana mbio za kwanza ndizo zinazokata. Uzi wa kusuka ni bora kuliko nailoni kwa sababu hauvutiki. Unahitaji nguvu yote ifike kwenye ndoana siku samaki akigonga.

Waya ni lazima, na usijaribu kupunguza gharama hapo. Nailoni hata iwe nene namna gani, meno yale yanaipitia mara moja, na samaki anaondoka na chambo kinachoning'inia mdomoni. Sentimita thelathini hadi arobaini zinatosha. Baada ya kila samaki upitishe vidole kwenye waya: ukiona umepinda au uzi mmoja umekatika, badilisha.

Chambo bandia: vijiko vya kung'aa na visamaki vya mbao au plastiki vinavyozama. Vingi vinauzwa na ndoana za pembe tatu, mbili kwa kila chambo. Zitoe, weka ndoana moja moja yenye shingo nene. Halafu chukua plaizi, bana kile kijino kinachozuia ndoana isirudi, kilale kabisa. Watu wanaogopa kwamba samaki atatoka. Taiga anatoka hata kijino kikiwepo, kwa sababu ya ule mfupa. Ndoana laini isiyo na kijino inazama vizuri zaidi kwenye mfupa, na kuitoa ni sekunde.

Akigonga, usiinue rodi juu. Hilo ndilo linalowakosesha wengi waliozoea samaki wengine. Elekeza ncha kwake, vuta uzi kwa mkono au sukuma rodi upande, kwa nguvu, mara mbili. Akiruka, mlegezee kidogo. Akitua, kaza tena.

Wale wa fimbo ya nzi, wanaorusha chambo chepesi cha manyoya, wanafuata utaratibu huohuo, ila wao wanavuta laini kwa mkono muda wote. Mito ya Mnyera na Ruhudji imepata jina duniani hasa kwa uvuvi huo, na taiga wa zaidi ya kilo 10 wamewahi kupandishwa kwa njia hiyo na kuachiwa.

#4 Mndamba Halisi

Nimesoma kwa makini kaka. Nina la kusema, na nitalisema kwa heshima.

Sisi Wandamba tumeishi kwa mto huu tangu mababu. Babu yangu alivua kwa migono na mtumbwi wa kuchonga, baba akavua, mimi nimesomeshwa kwa samaki. Leo mtu wa mjini anakuja na rodi ya gharama, anamchezea samaki, anapiga picha, anamwachia, halafu ananiambia mimi niliye na watoto nimwachie na mimi. Mgeni anavua kwa burudani, mimi navua nile. Mbona vikwazo vinaanza kwa mwenye njaa? Na vitalu vya wageni, yale maeneo ya mto waliyopewa, vilipogawiwa, tuliambiwa sehemu fulani za mto tusikanyage. Hapo mseme.

#5 Mshipi Mrefu

@Mndamba Halisi shikamoo kaka, na asante kwa kulisema wazi.

Sikuambii uache kuvua. Mto huu una kambale, kitoga, ngogo, perege, na nyavu zako zenye matundu halali hazijawahi kuumaliza. Ninachosema kinamhusu samaki mmoja, tena wa kimo fulani. Taiga wakubwa wote unaowaona, wale wa kilo saba, nane, kumi, ni majike. Dume hafikii ukubwa huo. Jike mkubwa mmoja anabeba mayai laki kadhaa, na kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo mayai yanavyoongezeka. Utafiti uliofanywa Okavango umeonyesha kuwa taiga wa huko anaweza kuishi hadi karibu miaka 20. Kwa hiyo ukimtoa jike wa kilo tisa mtoni, hakuna wa kuziba nafasi yake msimu ujao. Atakayeziba ameanza kukua leo na atahitaji miaka mingi.

Kuhusu vitalu niko upande wako. Haiwezekani kijiji kizuiwe kuvua, halafu fedha ya mgeni isionekane kijijini. Mwenye kujua mto ni wewe. Nahodha awe wewe, anayesoma maji awe wewe, na sehemu ya malipo irudi kwenye zahanati na shule za hapo. Bila hilo, mtu hana sababu ya kumwachia samaki, na mimi sitamlaumu.

Ila kuna jambo tulikemee wote: utupa, ule mmea wa sumu ya samaki. Kiangazi maji yakipungua, watu wanatwanga majani yake na kumwaga kwenye vidimbwi. Siku hizi wengine wanatumia hadi dawa za mashambani. Hapo wanakufa wakubwa, wadogo, na vifaranga, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza waziwazi. Hilo halina cha mwenye njaa wala mwenye shibe.

#6 Mama Kitoweo

Habari za jioni wanangu. Mimi nauza samaki Ifakara, wabichi na wa kubanika. Naomba niseme la sokoni.

Taiga hatutafutani naye sana. Ana miiba mingi, ile midogo yenye pembe mbili iliyozama nyamani, mtoto huwezi kumpa bila kumchambulia. Mteja wangu akifika anaulizia kambale kwanza, kitoga wa pili. Taiga nikimbanika vizuri akauke anauzika, lakini bei yake haimfikii kambale wa uzito uleule. Tena yule mkubwa ndiye mgumu kuliko, nyama yake ni nzito na moshi haufiki ndani upesi. Wavuvi wananiletea kwa sababu ameingia kwenye wavu, si kwamba walimtafuta.

Kwa hiyo nikisikia kwamba kuna mtu anaweza kulipa ili amvue na kumwachia, mimi naona hapo hakuna anayenyang'anywa kitoweo. Kinachoniuma ni pale mwanangu anapotaka kazi kwenye hizo kambi za wageni na kuambiwa hana ujuzi. Huo ujuzi unafundishwa wapi? Mtoto amekulia majini.

#7 Kigoma Ujiji

Dada yangu umeongea vizuri sana.

Nichangie kutoka Tanganyika. Sisi tuna aina mbili ziwani, vittatus na goliath mwenyewe. Wavuvi wa dagaa wanamjua sana kwa kuwa anafuata makundi ya dagaa usiku na kuchana nyavu.

Na kuna historia ambayo wengi hawaijui. Bwawa la Kariba lilipojengwa, walikosa samaki wa kuishi kwenye maji yale mapana ya kina kirefu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakachukua dagaa wa hapa kwetu Tanganyika na kumpandikiza kule. Wanamwita kapenta. Alizaana ajabu, akawa uvuvi mkubwa wa Zambia na Zimbabwe, na taiga wa Kariba akapata chakula kipya. Rekodi ya dunia ya vittatus, kilo 16.1, ilitoka hukohuko Kariba mwaka 2001. Mashindano yao ya kila mwaka ya taiga yanajaza hoteli. Na hiyo karamu yote, chakula kimetoka Tanganyika. Sisi tumekaa na samaki wote wawili, dagaa na taiga, na hatuna hata shindano moja.

#8 Mwana Lualaba

Jambo ndugu zangu wa Tanzania. Miye niko Kindu, Kongo, pembeni ya mto Lualaba. Huku goliath tunamwita mbenga, na watu wanamheshimu. Wavuvi wetu hawaingizi mkono ndani ya maji kama wanajua yuko pale. Rekodi yake ya mshipi ni kilo 44, ilivuliwa mwaka 1988 karibu na Kinshasa, wakati nchi ilikuwa Zaire. Tangu pale haijavunjwa.

Naunga mkono kumwachia jike. Huku mbenga mkubwa amekuwa adimu karibu na miji. Ili umpate unasafiri kwa pirogi siku nyingi. Ninyi mko nao wako karibu na barabara na reli, muwachunge.

#9 Binti Nyasa

Samahani kwa swali la nje kidogo. Mimi ni wa Mbamba Bay. Kwa nini Ziwa Nyasa hatuna huyu samaki? Na Victoria je? Nimesikia pia anaruka na kukamata ndege, ni kweli au simulizi?

#10 Mshipi Mrefu

@Binti Nyasa si la nje hata kidogo.

Nyasa hayupo kwa sababu ya maporomoko ya Mto Shire kule Malawi. Taiga wa Zambezi anapanda hadi Shire ya chini, anakomea kwenye maporomoko. Ziwa Victoria nako hayupo kwa sasa. Ukienda Turkana, Kenya, utamkuta forskahlii, aina ya Mto Nile. Na Uganda yupo Ziwa Albert na Nile ya chini ya maporomoko ya Murchison, ingawa pale wavuvi wa mshipi wanamfuata zaidi sangara.

La ndege ni kweli. Watafiti waliokuwa bwawa la Schroda, hifadhi ya Mapungubwe, Afrika Kusini, walirekodi kwa video taiga akiruka na kumkamata mbayuwayu hewani. Walichapisha matokeo mwaka 2014. Wavuvi wa zamani walikuwa wakisema miaka mingi na hawakusadikiwa.

Halafu nyongeza kwa wanaopenda sayansi: mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya taiga wa Afrika nzima, ukaonyesha kuna koo kadhaa ambazo bado hazijapewa majina, zaidi ya zile aina tano. Maana yake mito mingi ina taiga wa peke yake na hatujui. Ukiwamaliza kwenye mto mmoja, huwezi kusema utaleta wengine kutoka mto mwingine ukapata samaki yuleyule.

#11 Dereva wa Malori

Mkuu swali la usalama. Mamba na viboko. Kilombero nimewahi kuvuka zamani za kivuko kabla ya daraja la Magufuli, nikiona mamba wamelala mchangani kama wote. Mtu anavuaje hapo?

#12 Mndamba Halisi

Hili nijibu mimi, maana ndiyo maisha yetu.

Usiingie majini, hata magotini. Simama ndani ya chombo au juu ya ukingo mrefu, mbali na maji. Pale samaki anapopigana, mamba anasikia mtikisiko na anakuja. Ukimleta samaki ukingoni usichezee hapo muda mrefu. Kiboko ni mbaya kuliko mamba kwa mtu wa mtumbwi: mpe njia ya kwenda kwenye kina. Ukipita kati yake na maji marefu umemfungia mlango. Mchana wanalala kwenye vidimbwi vya kina, na hivyo vidimbwi ndivyo taiga anavyopenda pia, kwa hiyo pondo mkononi muda wote na macho mbele. Kabla hujakata kona piga ubavu wa mtumbwi, wakusikie.

Na kaka Mshipi, nimekuelewa kuhusu majike. Hilo la ukubwa tunaliona kweli, wakubwa wote ukipasua wana mayai. Tatizo anayeingia kwenye wavu wangu usiku ninamkuta asubuhi ameshakufa. Huyo nimrudishe vipi?

#13 Mshipi Mrefu

@Mndamba Halisi asante kaka, maneno yako kuhusu kiboko watu wayanakili.

Aliyekufa wavuni ni chakula, mle. Kinachowezekana ni kuondoa nyavu kwenye midomo ya vijito kwenye zile wiki ambazo maji yanarudi na wakubwa wamejipanga hapo, mkakubaliana kijiji kizima. Hilo linaamuliwa na kamati yenu ya uvuvi, mtu wa nje hawezi kulipanga.

Kwa wa mshipi, kumwachia samaki kuna namna yake. Wengi wanamwachia anakwenda kufa kwenye kona. Taiga anapigana kwa nguvu zake zote, hajibakizi. Misuli inajaa asidi, na maji ya kiangazi yana joto, hewa iliyomo ni kidogo. Kwa hiyo tumia vifaa vyenye nguvu vya kutosha, pambano liwe fupi. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, mikono mikavu inamtoa ute unaomkinga. Usimning'inize kwa taya, uzito wa mwili unavunja kiungo pale. Mbebe kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye shina la mkia, na vidole vikae mbali na mdomo kabisa. Picha moja, samaki akichuruzika maji, arudi.

Halafu usimtupe. Mshike akiwa ndani ya maji kandokando ya chombo, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, maji yaingie mdomoni na kutoka kwenye matamvua. Utaona mashavu yanaanza kufunguka na kufunga kwa mpangilio. Mkia unakaza mkononi. Akijaribu mara ya kwanza kuondoka, usimwachie bado. Akisukuma kwa nguvu mara ya pili, fungua mikono.

#14 Mto ni Uhai

Niongeze jambo ambalo naona mnalizunguka. Hata mkiwaachia taiga wote, maji yakipungua ni kazi bure. Bondeni mashamba ya mpunga yanapanuka, mifugo imeingia hadi kwenye midomo ya vijito, misitu ya milimani inakatwa. Sheshe, wale swala wa mbugani ambao Kilombero ilikuwa ngome yao, wamepungua mno. Huko juu kuna mpango wa umeme wa Ruhudji, megawati 358. Huko chini Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Tunahitaji umeme, mimi nautumia hapa ninapoandika. Swali langu ni maji ya mafuriko yatabaki?

#15 Mshipi Mrefu

@Mto ni Uhai umegusa penyewe.

Bwawa la Nyerere liko chini ya Kilombero, haliwezi kuzuia mafuriko ya bondeni kwetu. Na taiga anaweza kustawi kwenye bwawa, Kariba imeonyesha. Lakini hata wa Kariba, wakati wa kuzaa unapofika, wanapanda mito. Anahitaji maji yanayotembea. Kwa hiyo bwawa likishajaa samaki, mito ya juu yake ndiyo itakuwa na thamani kubwa zaidi.

Wasiwasi wangu uko Ruhudji. Mtambo unaotunza maji ya masika ili yatumike kiangazi unabadilisha ratiba ya mto: masika unapungua, kiangazi unajaa. Samaki anayesubiri mafuriko ili azae hapati ishara yake. Namna ya kupunguza madhara ipo, nayo ni kuachia maji mengi kwa makusudi katika miezi ya mvua, lakini inabidi iandikwe kwenye masharti ya uendeshaji kabla ujenzi haujaanza. Ndiyo maana nataka wavuvi wa mshipi wa Tanzania wawe wengi na wawe na sauti. Mkulima wa mpunga ana chama, mfugaji ana chama, mwenye mtambo ana wizara. Taiga anasemewa na nani kwenye kikao cha bonde?

#16 Fundi Rili

Mkuu nimeiva. Nataka kuja mwezi wa tisa. Njia na vibali vikoje?

#17 Mshipi Mrefu

@Fundi Rili kwa gari unapita Morogoro, Mikumi, unakata kushoto kwenda Kidatu hadi Ifakara. Kwa reli, TAZARA inapita Ifakara na Mlimba, na ukiwa unaelekea Mnyera, kushukia Mlimba kunakupunguzia safari.

Vibali: kwanza uliza eneo lako liko chini ya nani. Maji ya vijijini, anza na afisa uvuvi wa wilaya na serikali ya kijiji. Pori la Akiba Kilombero ni la TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ukishuka hadi ndani ya Hifadhi ya Nyerere ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Usiingie sehemu yoyote kwa maneno ya dalali, pata karatasi mkononi. Na nahodha mchukue kijijini, umlipe vizuri, kwa makubaliano ya kabla ya kuingia majini.

#18 Mama Kitoweo

Mwanangu Mshipi, nimesoma yote. Huyu kijana wangu ana miaka ishirini na mmoja, mtumbwi anaujua, kuogelea anajua, Kiingereza cha kuombea maji tu. Anaanzia wapi?

#19 Mshipi Mrefu

Shikamoo mama. Mtumbwi na kuusoma mto ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na hiyo anayo. Kiingereza cha kazi ni maneno machache: kushoto, kulia, rusha, vuta, subiri, mamba. Atayashika haraka. Kilichobaki ni kufunga waya, kubana ndoana, kumshika samaki na kumrudisha, na hayo yanafundishika kwa mkono.

@Fundi Rili anakuja mwezi wa tisa na anahitaji nahodha. @Mndamba Halisi naomba kaka uwe naye kwenye mtumbwi mmoja siku za mwanzo, kwa ajili ya viboko. Mimi nitaleta rodi ya ziada na roli la waya. Mama, nitumie ujumbe wa faragha tupange siku.

#20 Mndamba Halisi

Niko tayari. Mtumbwi wangu unabeba watatu na vifaa. Ila tutoke alfajiri, upepo wa mchana ukianza Mnyera huwezi kurusha kitu.